Picha ya Kima Punju Unampigia Nani?

*"Assalaam alaykum. Mimi ni mpiga picha wa harusi huku Kusini Unguja, na njia yangu ya kwenda kazini inapita msitu wa Jozani. Kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikiwapiga picha kima punju waliogongwa na magari na kuziweka mtandaoni. Watu wanaweka machozi, wanaandika pole, kisha baada ya muda namkuta mwingine amelala barabarani. Wageni wanaandika kwamba Wazanzibari ni wakatili, na hilo linaniuma, maana bibi yangu ana shamba la minazi jirani na msitu, kima wanamlia nazi changa kila msimu, na bado hajapata kumuua hata mmoja. Hivi karibuni hoteli moja ya pwani imenipa ukuta nifanye maonyesho. Niendelee na picha za kusikitisha au nitafute nzuri? Je, naweza kumpa kima ndizi ili atulie mbele ya kamera? Natamani pia kupiga picha za mikoko inayokatwa, ila sijui mti utamgusaje mtu. Na kwa kweli, sanaa hii inawasaidia wanyama, au inawafurahisha watalii tu?"*

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Umeuliza mambo kadhaa, lakini nikikusoma taratibu naona dukuduku ni moja: kazi yako inaonekana, inasifiwa, hata kuliliwa, na barabara iko vile vile. Wapiga picha wengi wa wanyamapori huishi na dukuduku hilo miaka na miaka bila kulitamka, kwa sababu pongezi huwatosha. Wewe hazikukutosha, na hiyo ni dalili njema. Nitakujibu bila kukuzungusha: kasoro ya picha zako haimo katika huzuni yake, wala haitatibiwa na uzuri. Umeziweka mbele ya watu wasioendesha gari katika barabara ile, wasioweka matuta, wasiolima minazi na wasiopanga saa za magari ya watalii. Yule mgeni aliyeandika kwamba ninyi ni wakatili hakuwa na jambo jingine lolote la kufanya na picha ile isipokuwa kuandika hivyo.

Dhana inayotupoteza wengi ni hii, kwamba mtu akijua ataguswa, na akiguswa atatenda. Picha nzuri inaweza kweli kumtoa mtu katika kutojua hadi kuguswa, tena kwa haraka kuliko ripoti yoyote. Kutoka kuguswa hadi kutenda haimfikishi peke yake. Hapo panahitajika mtu mwenye uwezo wa kufanya jambo, jambo lenyewe liwe linajulikana, na mtu huyo aamini kwamba likifanywa litaleta tofauti.

Mwanasaikolojia wa Marekani Paul Slovic na wenzake wamechunguza kwa miaka mingi namna huruma ya binadamu inavyofanya kazi, na waliyoyakuta yanamhusu sana mpiga picha. Tunamhurumia kwa nguvu mhitaji mmoja mwenye uso, kisha huruma hiyo huanza kufifia idadi inapoongezeka, hata wanapokuwa wawili tu. Matokeo ya sensa ya kima punju yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba wako zaidi ya 5,800, katika kisiwa cha Unguja na visiwa vidogo vya jirani yake, na kwa asili hawapatikani penginepo popote duniani. Kwa mtafiti hiyo ni habari kubwa, kwa sababu makadirio ya awali yalikuwa chini sana ya hapo. Kwa dereva wa gari la abiria anayekimbizana na saa, tarakimu hiyo haina uso. Kima mmoja mwenye sikio lililochanika, anayeonekana kila asubuhi upande uleule wa barabara akiwa na mtoto kifuani, anao uso, na kazi yako ni kumfanya dereva amtambue.

Kuhusu picha za damu, kuna jambo ambalo ni vyema ulijue. Mwaka 2009 watafiti Saffron O'Neill na Sophie Nicholson-Cole walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa Uingereza juu ya picha zinazotumika kuelezea mabadiliko ya tabianchi. Waliona kwamba picha za kutisha hulivuta jicho vizuri sana, lakini zinamwacha mtazamaji akijiona hana la kufanya, hivyo anajitenga na jambo lenyewe. Uchunguzi ule haukuhusu wanyama barabarani, lakini nadhani umekwisha kuliona jambo hilohilo katika maoni yaliyo chini ya picha zako: machozi, pole, kisha kimya. Anayeonyeshwa maiti bila kuonyeshwa mlango wa kutokea huondoka kwa njia iliyo karibu zaidi, na njia hiyo ni kugeuza macho.

Usinielewe kwamba picha ya mauti haina kazi. Mwezi Julai mwaka 2007, katika Hifadhi ya Virunga mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, gorila kadhaa wa milimani wa familia ya Rugendo walipigwa risasi. Mpiga picha wa Afrika Kusini, Brent Stirton, aliipiga picha ya dume lao, Senkwekwe, likiwa limefungwa kwa kamba juu ya machela ya miti, likibebwa mabegani na wanaume wengi wakipita katika majani. Itazame picha hiyo ukipata nafasi, lakini acha kumtazama gorila, watazame wabebaji. Hakuna damu nyingi mle. Kilichomo ni uzito, maana jinsi wale watu walivyokaza mabega inaonyesha kwamba wamebeba marehemu wao, na kwa hiyo mtu wa mbali hakupata nafasi ya kusema kwamba Wakongo hawawapendi wanyama wao. Picha ilizunguka dunia, na nyuma yake wakaja waandishi waliofuatilia biashara haramu ya mkaa, makala kama waitavyo wenyewe huko, iliyokuwa ikiutafuna msitu wa hifadhi na kuwafanya walinzi wake kuwa adui wa wafanyabiashara wakubwa. Picha ilikuwa na mahali pa kumpeleka mtazamaji.

Hata hivyo lazima tupime kwa haki. Gorila wa milimani waliokuwa katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka walishushwa daraja moja mwezi Novemba 2018, idadi yao ilipovuka 1,000, na hilo lilitokana na walinzi waliokufa kazini, madaktari wa wanyama na mapato ya utalii kwa miaka mingi. Anayesema kwamba picha moja iliwaokoa gorila anaipamba kazi yetu kwa nguo ya kuazima. Picha ilifungua mifuko na masikio, basi. Hilo si dogo, lakini si lote.

Mfano wa pili naupenda zaidi kwa sababu ni mtulivu. Mwanaikolojia Michael Fay alivuka misitu ya Kongo-Brazzaville na Gabon kwa miguu kati ya mwaka 1999 na 2000, na mpiga picha Michael Nichols akawa akimfuata sehemu kwa sehemu, akiwapiga picha tembo wanaotembea ufukweni na viboko wanaoogelea baharini. Picha hizo baadaye zilionyeshwa kwa Rais Omar Bongo wa Gabon, na mwaka 2002 serikali yake ikatangaza hifadhi za taifa 13, ambazo kwa pamoja ni kiasi cha asilimia 11 ya nchi. Zilichapishwa pia gazetini zikasomwa na mamilioni, lakini kwa msitu ule mtazamaji aliyekuwa na maana alikuwa mmoja, na alionyeshwa nchi yake mwenyewe kwa namna ambayo hakuwa amewahi kuiona. Picha zenyewe zilikuwa za kupendeza. Kwa hiyo swali lako la huzuni au uzuri linajibiwa na swali jingine linalotangulia: nani ataitazama, na ukishamwonyesha unataka afanye nini?

Sasa turudi Jozani. Barabara inayopita pale ilipotiwa lami katika miaka ya 1990 magari yaliongeza kasi na kima wakaanza kufa kwa wingi, ndipo yakawekwa matuta. Watafiti Thomas Struhsaker na Kirstin Siex waliofuatilia vifo hivyo waliona vimepungua sana baada ya matuta, ingawa havikwisha. Unaona hapo kitu chenye thamani kubwa kwa msanii? Dawa inajulikana, ni ya saruji na lami, na iko mikononi mwa watu wanaotajika: wahusika wa barabara, uongozi wa hifadhi, wenye kampuni za watalii na madereva wenyewe. Ni mara chache mpiga picha wa mazingira hupata bahati ya tatizo lililo wazi kiasi hicho.

Ningekuwa mimi, ningeanza na dereva. Kaa kiti cha mbele, kando yake, kwa ridhaa yake, na uipige barabara kama anavyoiona yeye kwa mwendo wa kawaida: kivuli, mabaka ya jua, kitu chekundu kinachoweza kuwa jani kavu au mgongo wa kima. Kisha shuka, toka kabisa barabarani, inama hadi kimo cha kima na uipige gari ileile inavyoonekana kutoka pale chini, bampa na taa zikiwa zimeziba mbingu. Picha hizo mbili zikiwekwa pamoja hazimtukani mtu. Zinamweleza dereva kwa nini hakumwona, na dereva ambaye hakutukanwa husikiliza. Zichapishe kubwa, uzipeleke zinakopumzika gari za abiria na za watalii, na chini yake uandike kwa Kiswahili sentensi moja tu ya kuomba mwendo mdogo kutoka alama fulani hadi alama fulani.

Zile picha za maiti ulizonazo usizifute. Ziondoe kwenye mandhari ya wazi, lakini zipange kwa tarehe, saa na mahali hasa palipotokea, kwa kutaja jengo au tuta lililo karibu. Picha ambayo kwa sanaa haina kazi, kwa ushahidi inaweza kuwa hazina: ikionekana kwamba vifo vingi vimetokea katika kipande kimoja kati ya matuta mawili, hapo una hoja ambayo hakuna afisa atakayeweza kuikwepa kwa urahisi. Zipeleke ofisi ya hifadhi kwanza, kwa mkono wako, kabla ya kuzitia popote. Na katika kikao cha watu wanaoamua, chumbani, picha moja kati ya hizo inaweza kuonyeshwa. Ni hapo tu.

Bibi yako ana nafasi kubwa katika kazi hii kuliko unavyodhani. Wakulima wa jirani ya Jozani wamelalamika kwa miaka mingi kwamba kima wanawamalizia nazi, na malalamiko hayo si ya kupuuzwa, kwa sababu hasara ya mwenye minazi kumi haipimwi kwa wastani wa kisiwa kizima. Lakini mwaka 1999 watafiti haohao, Siex na Struhsaker, walichapisha uchunguzi wa mashamba hayo uliopata jambo la kushangaza: kima walipokula zaidi nazi changa, mavuno ya mwisho hayakupungua, bali yaliambatana na kuongezeka, pengine kwa sababu mnazi uliopunguziwa nazi changa huzikuza vyema zilizobaki. Simwambii bibi kwamba amekosea. Nakuambia wewe kwamba picha inayomwonyesha mkulima kama adui wa kima ni ya uongo mara mbili, kwa sababu inaficha uvumilivu wake na inaficha hesabu. Mpige picha bibi shambani kwake, asubuhi, akikusanya nazi, na kama kima yuko juu ya mnazi uleule, subiri hadi wote wawili waingie. Mwombe ruhusa, umwonyeshe picha kabla ya kuichapisha, na maelezo yake uyaandike kwa maneno yake. Huo ndio utakuwa jawabu kwa wageni wanaowatukana, na hutahitaji kubishana nao hata kwa neno moja.

Kuhusu ndizi, jibu langu ni hapana, na naomba univumilie nieleze, kwa sababu kwa mpiga picha wa harusi kupanga mambo ndiyo kazi yenyewe: inua kidevu, geuka kidogo, shika ua hivi. Kima punju kwa asili ni mla majani na matunda mabichi, na tumbo lake limeumbwa kuchachusha majani, kwa hiyo matunda mabivu yenye sukari nyingi yanaweza kumdhuru. Anayezoea kupewa chakula na watu huja karibu na watu, na karibu na watu maana yake ni karibu na barabara, hivyo picha yako ingekuwa imechangia kifo kilekile unachokililia. Tena maradhi ya njia ya hewa hupita kati yetu na nyani wa aina zote kwa urahisi, kwa hiyo mtu mwenye mafua ana sababu ya kubaki nyumbani siku hiyo.

Kuna na hasara ya heshima. Katika mashindano makubwa ya picha za wanyamapori yanayofanyika London, mshindi wa mwaka 2009 alinyang'anywa tuzo mwaka uliofuata baada ya waamuzi kuamini kwamba mbwa mwitu aliyeruka uzio pichani alikuwa mnyama wa kufugwa, na picha nyingine iliyoshinda kundi lake mwaka 2017 ikaondolewa kwa sababu mla-sisimizi aliyeonekana humo alihukumiwa kuwa ni ngozi iliyojazwa. Tangu hapo kila picha ya mnyama iliyotulia mno hutazamwa kwa jicho la shaka, na shaka hiyo huishukia pia hoja nzuri unayoitetea.

Jambo lililo karibu na hilo ni watu kupigwa picha bega kwa bega na kima, na hoteli inaweza kukuomba uwapigie wageni wake picha za namna hiyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 uliwaonyesha watu picha ileile ya sokwe mtu, kwa wengine akiwa peke yake na kwa wengine akiwa na binadamu jirani yake. Waliomwona akiwa na binadamu walielekea zaidi kuamini kwamba sokwe wa porini wako salama na kwamba wanafaa kufugwa nyumbani. Picha haikusema lolote la uongo, lakini ukaribu wenyewe ulizungumza. Ndiyo sababu mwaka 2021 wataalamu wa nyani katika Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, walitoa mwongozo unaowataka watu waache kusambaza picha zinazowaonyesha binadamu wakiwa ndani ya mita 7 kutoka kwa nyani wa aina yoyote. Utaniuliza kuhusu ile picha mashuhuri ya mwaka 2019, mlinzi wa Virunga akijipiga na gorila wawili waliosimama wima nyuma yake kama watu. Wale walikuwa yatima wa mauaji ya 2007 wanaolelewa katika kituo, na mlinzi alikuwa mlezi wao. Picha hiyo iliipatia hifadhi marafiki wengi. Lakini wengi walioisambaza hawakujua habari hiyo, wakabaki na wazo kwamba gorila ni rafiki wa kupiga naye picha, na mimi binafsi nisingeitundika ukutani bila maelezo marefu chini yake.

Basi utampata vipi kima aliyetulia? Kwa kurudi mahali pamoja, hakuna jingine. Kundi la kima lina ratiba yake, na wale wanaoishi kando ya mashamba ya Jozani wamewazoea watu wanaokaa kimya. Uso wake ni mweusi, pua na midomo ina doa la waridi, na kichwa kimezungukwa na manyoya meupe. Chini ya miti mwanga huanguka kwa mabaka, na kamera ikiachwa ipime yenyewe itakupa uso mweusi usio na macho. Hili unalijua tayari, maana ni bwana harusi wa suti nyeusi kando ya bibi harusi wa shela jeupe: pima mwanga usoni, kubali manyoya meupe yaungue kidogo, na usubiri mwale uingie machoni. Usitumie taa ya kamera. Siku za mawingu mepesi zina faida kuliko jua kali ambalo watu hudhani ndilo zuri.

Kama ningechagua picha moja tu ya kuwakilisha habari yote ya kima punju, ningemtafuta akila mkaa. Wapo wanaoshuka hadi kwenye matanuri na majiko yaliyozimwa, wakachagua kipande, wakakitafuna. Watafiti wanaeleza kwamba majani ya mikungu na miembe wanayokula karibu na makazi ya watu yana kemikali zinazosumbua tumbo, na mkaa huzinyonya. Tazama mkono wake unapokishika: hauna dole gumba la maana, vidole vinne vinakunja kipande cheusi na kukibana kwenye kiganja. Ndani ya picha hiyo mna msitu uliopungua, miti ya mashambani, jiko la binadamu na mnyama aliyejifunza kuishi katikati ya hayo yote. Haihitaji damu, na hakuna mtu wa Unguja atakayeitazama bila kuuliza kulikoni.

Mikoko nayo haina uso, kweli, lakini ina watu na ina wakati. Kwenye kisiwa cha Uzi kima punju huingia ndani ya mikoko na kula majani yake, kwa hiyo umekwisha pata mlango wa kupita kutoka hadithi moja hadi nyingine. Tumia maji: simama mahali pamoja wakati wa maji makavu ya bamvua uipige mizizi, kisha urudi yakiwa yamejaa, na kama una mfuko mzuri wa kuzuia maji, itose kamera chini uone samaki wadogo wanavyojificha. Muhimu zaidi ni kuchagua vituo vichache, uviwekee alama isiyong'oka, na kila mwaka mwezi uleule, kwa lenzi ileile na maji ya kiasi kilekile, urudie picha ileile. Mwaka wa kwanza haitamvutia mtu. Baada ya miaka michache, eneo lililokatwa na eneo lililopandwa upya vitasema vyenyewe, na mkataji hataweza kudai kwamba palikuwa hivyo tangu zamani. Nyongeza moja, ukiipenda: nyumba za Mji Mkongwe zimeezekwa kwa boriti za mikoko, na upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti, zile zile zilizopakiwa majahazini kwenda Omani na Ghuba kwa karne nyingi. Dari ya chumba cha zamani ikiwekwa kando ya kisiki kipya kilichokatwa, mtazamaji ataelewa kwamba huzungumzii ubaya wa watu bali kipimo cha matumizi.

Kuhusu ukuta wa hoteli, ukubali, lakini usiuanzie. Onyesha kwanza skulini na barazani katika shehia zilizo kando ya msitu, kwa picha zilizochapwa kwenye turubai la mabango, ambalo ni nafuu, halikunjamani kwa unyevu wa pwani na linahamishika kwa pikipiki. Sikiliza watu wanavyobishana mbele ya picha, kwa sababu ubishi huo utakuonyesha ipi inasema ulichokusudia na ipi inasema kinyume. Zitakazobaki ndizo ziende hotelini, zikiwa na maelezo ya Kiswahili juu na lugha nyingine chini. Mtalii naye si mtazamaji wa bure hata kidogo: yeye ndiye anayemlipa dereva, na mgeni anayesema "twende polepole, hatuna haraka" ana nguvu barabarani kuliko bango. Hilo ndilo jambo la kumwomba, na umwombe kwa uwazi. Mkiuza picha, hesabu ya mgao iandikwe na kutiwa saini kabla ya msumari wa kwanza kupigwa, ikieleza haki ya kuzitumia picha katika matangazo inabaki kwa nani, na ukiona lugha ya mkataba imekuzidi, mlipe wakili aisome.

Mahali ulipopigia si lazima pajulikane. Kima wa Jozani wanajulikana waliko, lakini siku utakapompata paa nunga, kiota cha kasa au mti wanaolala popo, kumbuka kwamba simu huandika mahali ulipopigia ndani ya faili la picha yenyewe. Zima huduma hiyo kabla ya kupiga, na usitaje kijiji.

Yako mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza na yanakutaka uende mwenyewe. Ofisi ya hifadhi ukaione kabla ya kuanza, kwani upigaji wa picha za kuuza na urushaji wa droni una vibali vyake, na droni hasa isirushwe juu ya kima hata ukiwa na kibali, maana inawatia hofu wakakimbia wasikokujua. Ukimkuta kima aliyejeruhiwa usimguse wala usimbebe. Simama mbali, punguza magari kama unaweza kufanya hivyo kwa usalama, na uwaite walinzi. Ukiumwa au kuparuzwa na mnyama yeyote, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ileile, hata kama jeraha ni dogo kiasi cha kukuonea haya, kwa sababu kichaa cha mbwa hakina tiba kikishaanza kuonyesha dalili.

Na ukienda kuonana na wahusika wa barabara, peleka vitu vitatu pamoja: orodha ya vifo kwa mahali, zile picha mbili za dereva na kima, na ombi moja lililoandikwa, la tuta au alama katika kipande utakachokitaja. Baada ya hapo endelea kuhesabu vifo katika kipande hicho kama ulivyokuwa ukihesabu kabla. Vikipungua, utajua kilichofanya kazi. Visipopungua, rudi kwa madereva uwaulize ni kwa nini, kisha upige upya.